Shokapu za gesi kwenye tela la kambi: kwa nini namba ya ubavuni haikwambii kilo

Mtu anayejitengenezea tela la kambi mjini Tanga, la kwenda nalo ufukweni Pangani au kupanda nalo Lushoto wakati wa likizo, kwa kawaida hukamilisha kwanza chasisi, sanduku la plaiwudi na mahali pa godoro, kisha ndipo hufika kwenye maduka ya spea ya Ngamiani kuulizia shokapu za kunyanyua kifuniko. Muuzaji humuuliza kifuniko kina kilo ngapi, humtolea jozi iliyovuliwa kwenye mlango wa nyuma wa gari dogo, humwonyesha namba iliyochapwa ubavuni, tuseme 350N (N ni niutoni, kipimo cha nguvu), na humhakikishia kwamba hizo zinabeba. Mnunuzi naye hupiga hesabu ya haraka: jozi ina niutoni 700, kilo moja ni kama niutoni 9.8, kwa hiyo amepata uwezo wa kilo 71, na kifuniko chake ni kilo 24 tu. Anaondoka akiamini amenunua nguvu karibu mara tatu ya anayoihitaji.

Hesabu hiyo imekosewa mahali pawili, na makosa yenyewe yanavutana pande tofauti, jambo linalofanya suala zima lionekane la bahati nasibu. Jozi ileile inaweza kukinyanyua kifuniko cha kilo 24 kwa kidole, na inaweza pia kukiacha kikuangukie kichwani ukiwa umeinamia jiko, na tofauti kati ya hali hizo mbili ni sentimita chache za mahali ulipotoboa tundu. Ndiyo maana ninashauri shokapu ziwe kitu cha mwisho kununuliwa na kitu cha kwanza kuchorwa.

Tuanze na jina, kwa kuwa jina lenyewe linapotosha kidogo. Mafundi huziita shokapu kwa sababu umbo lake linafanana na shokapu za magurudumu: silinda upande mmoja na rodi inayoingia na kutoka upande wa pili. Kazi zake ni tofauti. Shokapu ya gurudumu ipo ili kupunguza mtikisiko. Haibebi gari, kwani uzito wa gari umebebwa na springi. Shokapu ya gesi ndiyo springi yenyewe. Ndani ya silinda yake iliyozibwa moja kwa moja mna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa kanieneo kubwa, pamoja na mafuta kidogo. Mwishoni mwa rodi kuna pistoni yenye kitundu chembamba, na kwa kuwa gesi hupita kwenye kitundu hicho, kanieneo huwa sawa pande zote mbili za pistoni. Mtu angetarajia basi kwamba hakuna kitakachosogea, lakini upande mmoja wa pistoni sehemu ya katikati imezibwa na rodi, ambayo nje yake kuna hewa ya kawaida tu. Gesi kwa hiyo husukuma kwa nguvu inayolingana na unene wa rodi, na rodi hutoka nje. Kitundu kile chembamba kazi yake ni kuchelewesha mwendo ili kifuniko kipande taratibu badala ya kufyatuka.

Ukubwa wa kanieneo hiyo ni vyema ukaeleweka kwa kipimo tunachokijua. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa paundi 30 hadi 35. Rodi ya kipenyo cha milimita 8 ina eneo la mkato la milimita za mraba 50 hivi, kwa hiyo ili isukume kwa niutoni 350 gesi iliyomo ndani lazima iwe na paundi zipatazo 1,000. Hii ndiyo sababu shokapu iliyochoka haiwezi kujazwa kwa pampu ya gereji ya matairi, hata mwenye pampu akikuapia. Na hata ingewezekana, hewa ya kawaida ina oksijeni na unyevu, na oksijeni iliyoshindiliwa pamoja na mafuta ni hatari ya mlipuko. Naitrojeni huchaguliwa kwa kuwa ni kavu, haiwaki na hailishi kutu.

Sasa ile namba ya ubavuni. Viwanda hupima nguvu ya shokapu ikiwa imenyooka karibu yote, rodi ikiwa nje, katika joto la nyuzi 20 za Sentigredi. Hiyo ndiyo nguvu yake ndogo kabisa. Kadiri rodi inavyoingia ndani ndivyo inavyochukua nafasi iliyokuwa ya gesi, gesi inazidi kubanwa, na nguvu inapanda. Kwenye shokapu nyingi za kawaida ongezeko hilo ni kati ya asilimia 20 na 40 rodi inapokuwa imeingia yote. Kwa maneno mengine, 350N inaeleza shokapu ilivyo wakati kifuniko kiko wazi, ilhali mnunuzi huisoma akiwaza kifuniko kilichofungwa. Hilo ni kosa la kwanza, na kwa bahati nzuri humsaidia.

Kosa la pili ndilo linaloumiza. Jaribu kusukuma mlango wa nyumba kwa kuweka kiganja karibu kabisa na bawaba, kisha usukume tena kwa kushika kitasa. Mlango ni uleule na mkono ni uleule, lakini kwa bawabani utatumia nguvu nyingi mno. Kinachozungusha kifuniko ni nguvu ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye bawaba, kitu ambacho wanafizikia hukiita momenti, na umbali huo haupimwi kwa kufuata ubao wa kifuniko. Unapimwa kwa kuvuta mstari ulionyooka unaopita katikati ya shokapu kutoka pini hadi pini, kisha kwa skwea ya seremala kutafuta njia fupi kuliko zote kutoka kwenye bawaba hadi kwenye mstari huo. Njia hiyo fupi ndiyo wenzo wa shokapu. Uzito wa kifuniko nao una wenzo wake, ambao ni umbali wa mlalo kutoka bawabani hadi katikati ya uzito, na mizigo hii miwili hushindana katika kila hatua ya kufungua, huku kila mmoja ukibadilika kwa namna yake.

Momenti ya uzito inapatikana bila kujua katikati ya uzito ilipo, na hapa mji wa bahari una faida yake. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ile wanayopimia samaki, ifunge kwenye ukingo wa kifuniko ulio mbali na bawaba wakati kifuniko kimeshafungwa kwenye bawaba zake na kila kitu kitakachokaa juu yake kimekaa, kisha kivute juu kwa sentimita moja tu. Kilo zinazosomeka zizidishe kwa 9.81 na kwa urefu wa kifuniko kwa mita. Hiyo ndiyo momenti kifuniko kikiwa kimelala, hata kama uzito wake haukusambaa sawasawa.

Tuchukue kifuniko chenyewe. Urefu wake kutoka bawabani hadi ukingoni ni sentimita 120, uzito wake kilo 24 zilizosambaa sawasawa, na kinafunguka hadi nyuzi 80. Mizani ya samaki ukingoni itasoma kilo 12, na momenti itakuwa niutoni-mita 141. Kikiwa kimefunguka nusu, nyuzi 40, momenti hushuka hadi 108 kwa kuwa uzito umeanza kusogea kuelekea juu ya bawaba. Kwenye nyuzi 80 hubaki 24 na kidogo. Shokapu zetu ni jozi ya 350N, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 50 ikinyooka na sentimita 30 ikibanwa yote. Tunaweka pini ya juu kwenye kifuniko, sentimita 24 kutoka bawabani, na pini ya chini kwenye ukuta wa tela, sentimita 6 mbele ya bawaba na sentimita 25.5 chini yake.

Kifuniko kikiwa kimefungwa, umbali wa pini hadi pini ni sentimita 31.2, kwa hiyo rodi imebakiza zaidi ya sentimita moja kabla ya kugonga mwisho, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Shokapu haipaswi kamwe kuwa kizuizi cha kufunga. Wenzo wake hapo ni sentimita 19.6. Ukigawanya 141 kwa 0.196 unapata niutoni 719, yaani 360 kwa kila shokapu. Mtu anayesoma lebo tu angesema shokapu za 350 hazitoshi. Lakini rodi zimeingia karibu zote, na kwa shokapu yenye ongezeko la asilimia 30 kila moja sasa inasukuma kwa kama niutoni 450, hivyo momenti yake kwa jozi ni 176. Ukifungua kitasa, kifuniko kinainuka chenyewe, na kukifunga hadi mwisho kutahitaji mkono wa kilo 3 hivi ukingoni. Kwenye nyuzi 40 wenzo umeshuka hadi sentimita 13.1 na jozi inatoa 102 dhidi ya 108 za uzito, yaani kifuniko kinataka kusaidiwa kwa mkono wa nusu kilo. Kwenye nyuzi 80 wenzo ni sentimita 5 tu, lakini uzito nao umepungua sana, na shokapu zinashinda kwa 35 dhidi ya 24. Kifuniko kinasimama.

Hapo ndipo zile kilo 71 za mnunuzi zilipoishia. Nguvu aliyodhani ni mara tatu ya mahitaji imetosha kwa shida katikati ya safari, na mimi naiona ni jozi iliyochaguliwa vizuri. Kifuniko kinachofyatuka chenyewe hadi juu kinapendeza dukani, lakini atakayekifunga ni mtu mwingine, pengine mama mzee aliyekuja kuchukua sufuria, na kila niutoni ya ziada ataidai mikononi mwake.

Sasa tusogeze pini ya chini peke yake. Badala ya sentimita 6 mbele ya bawaba, iwe sentimita 2 nyuma yake, na badala ya sentimita 25.5 chini, iwe 16, kama anavyoweza kufanya fundi anayetaka shokapu zilale na zisile nafasi ya kabati. Kifuniko kinafunga bila kugonga, pini hadi pini ni sentimita 30.5, na kwa macho kazi inaonekana safi zaidi kuliko ya kwanza. Wenzo wa kufungia umekuwa sentimita 12.6 na momenti ya jozi 114, kwa hiyo kifuniko hakiinuki chenyewe lakini ni chepesi mkononi. Matatizo yako juu: kwenye nyuzi 80 mstari wa shokapu unapita nusu sentimita tu kutoka kwenye bawaba, na jozi nzima inatoa niutoni-mita 4 dhidi ya 24 za uzito. Shokapu zinasukuma kwa nguvu zake zote, ila zinaisukuma bawaba badala ya kifuniko. Ukikiachia, kinashuka. Mtu aliyefikwa na hili kwa kawaida hurudi dukani kununua shokapu za 500N, na kwa kuwa mara moja na nusu ya 4 ni 6, anazidi kupoteza fedha. Dawa ilikuwa tundu jingine la drili.

Kwa sababu hiyo usibuni mahali pa pini kwa jicho. Chora tela kutoka ubavuni, kwa ukubwa wake halisi, kwa chaki kwenye sakafu ya saruji. Kata kipande cha boksi gumu kiwe kifuniko, kipigilie msumari mahali pa bawaba, na tumia futi kupima umbali wa pini hadi pini kikiwa kimefungwa, nusu na wazi. Ukitafuta wenzo kwa skwea katika hatua hizo tatu, utakuwa umeona kila kitu ambacho shokapu zitafanya, na hujatumia hata shilingi. Kanuni ya kuanzia ni nyepesi: umbali wa kifuniko kikiwa kimefungwa uzidi urefu wa shokapu iliyobanwa kwa sentimita moja hivi, na umbali wa kikiwa wazi usizidi urefu wa shokapu iliyonyooka.

Kuna mzigo mwingine ambao mara chache huzungumzwa, na mimi niliujua kwa hasara. Katika mfano wetu wa kwanza, kifuniko kikiwa kimefungwa, shokapu mbili zinakisukuma juu na kuelekea nje kwa niutoni karibu 900, sentimita 24 tu kutoka bawabani. Uzito wa kifuniko na kitasa hurudisha sehemu ya nguvu hiyo, na iliyobaki inaishia kwenye bawaba: juu kwa kama niutoni 470 na nje kwa kama 520, ambazo kwa pamoja ni mvuto wa niutoni 700, sawa na kilo 71. Bawaba ya kifuniko cha kilo 24 inavutwa kwa kilo 71 usiku na mchana, tela likiwa limeegeshwa bila mtu. Tela langu la kwanza nililifunga bawaba kwa skrubu za mbao kwenye plaiwudi ya milimita 12, nikaridhika nalo kwa wiki kadhaa, na siku moja njiani kutoka Pangani, barabara ikiwa ya makorongo, skrubu za upande wa kushoto zilitoka zote zikiwa na unga wa mbao kwenye meno yake. Tangu hapo bawaba zangu hupita kwa bolti kutoka upande hadi upande, na nyuma ya plaiwudi huweka bamba la chuma au la alumini linalozidi bawaba kila upande. Pini za shokapu nazo zinahitaji bamba la namna hiyo, kwa sababu pini yenye kichwa cha gololi hujitokeza nje ya ukuta na kuusukuma kama mtu anayejaribu kuukunja.

Uzito wa baadaye ni adui wa hesabu za mwanzo. Siku hizi wengi hupandisha paneli ya umeme wa jua juu ya kifuniko baada ya tela kukamilika. Tuseme paneli na vishikizo vyake vina kilo 7 na zimekaa katikati. Kifuniko chetu sasa ni kilo 31, momenti yake kikiwa kimelala ni 182 dhidi ya 176 za shokapu, na katikati ya safari utasukuma kwa zaidi ya kilo 3. Hayo yanavumilika. Lisilovumilika ni kwamba kwenye nyuzi 80 kifuniko bado kinasimama na kukudanganya kwamba mambo ni salama, 35 dhidi ya 32, lakini kikishuka nyuzi tano tu, uzito unakuwa 47 dhidi ya 44 za shokapu na kinaanza kujishusha chenyewe hadi chini. Upepo wa kusi pale Raskazone saa kumi alasiri unatosha kabisa kukianzisha. Paneli ikishapanda, mizani ya samaki irudi ukingoni na hesabu ianze upya.

Joto nalo lina mchango wake, ingawa ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kanieneo ya gesi hupanda kwa takribani theluthi moja ya asilimia kwa kila nyuzijoto moja. Mchana wa Tanga wenye nyuzi 32 huongeza asilimia 4 juu ya lebo. Kifuniko kilichopakwa rangi nyeusi kikiwa juani, shokapu ikifika nyuzi 50, huongeza asilimia 10. Usiku wa Julai huko Lushoto, joto likiwa nyuzi 12, hupunguza asilimia 3 hivi. Kwa kifuniko chetu cha kilo 24 maana yake ni kwamba Tanga mchana kitapita nyuzi 40 kwa kuguswa tu, na Lushoto alfajiri utakisukuma zaidi kidogo. Ukipima kazi yako juani saa saba mchana na kuona shokapu zimetosha kwa kugusa tu, jua kwamba milimani hazitatosha. Pima asubuhi.

Chumvi ya bahari inastahili hofu zaidi kuliko joto. Uhai wa shokapu uko kwenye sili moja ndogo inayoikumbatia rodi, na sili hiyo huishi kadiri rodi inavyobaki laini kama kioo. Rodi ikipata kutu hata ya ukubwa wa kichwa cha sindano, kila inapoingia na kutoka doa hilo huikwaruza sili, mafuta huanza kulowesha rodi, na gesi hufuata. Rodi nyingi za magari zimepakwa kromu au zimegeuzwa nyeusi kwa kutibiwa na naitrojeni katika joto kali, na zote mbili hustahimili kwa kiasi. Zile za chuma kisichoshika kutu, zinazotengenezwa kwa ajili ya boti, hudumu zaidi na bei yake huonyesha hivyo. Kwa tela linaloegeshwa karibu na maji, kinga ya bure ni kuliacha kifuniko kikiwa kimefungwa, kwa kuwa hapo rodi imo ndani ya silinda. Rodi ifutwe kwa kitambaa safi kikavu. Usiipake grisi, maana grisi hushika mchanga, na mchanga ni msasa.

Upande wa kufunga, jambo la kwanza ni mwelekeo. Silinda iwe juu, kwenye kifuniko, na rodi iangalie chini, kwenye ukuta wa tela. Mafuta machache yaliyomo hushuka upande wa sili na kuilowesha isikauke, na pia hutuliza mwendo kifuniko kinapokaribia mwisho wa kufunguka. Shokapu iliyofungwa kichwa chini miguu juu hufanya kazi siku ya kwanza kama nyingine, ndiyo maana kosa hili haligunduliki hadi sili imeshakauka. Pini mbili za shokapu moja lazima ziwe kwenye bapa moja, sambamba na ukuta, kwani rodi imetengenezwa kusukumwa kwa urefu wake na si kukunjwa ubavuni. Zifungwe mbili, kila upande moja, zenye namba sawa na umri sawa; shokapu moja pembeni hukipotosha kifuniko cha plaiwudi mpaka kikaacha kukaa kwenye mpira wake wa kuzuia maji.

Uchomeleaji wote ukamilike kabla shokapu haijaletwa karibu na tela. Cheche moja ya kuchomelea ikitua kwenye rodi huacha kipele kisichotoka, na hali ni hiyohiyo kwa rangi ya kupuliza. Nimewahi kuona jozi mpya kabisa ikifa ndani ya mwezi kwa sababu fundi alikumbuka kuongeza kipande cha skwea paipu wakati shokapu zimeshafungwa, akazifunika kwa gunia. Koleo nalo lisiguse rodi. Kaza kwa mkono kikombe cha gololi kwenye meno yake, na kama ni lazima kushika kitu, shika silinda.

Usijaribu kubana shokapu kwa mikono ili ifikie pini. Niutoni 350 ni kama kilo 36, na rodi ikiteleza inapiga. Kifuniko ndicho kifunguliwe hadi pini zifikiane na shokapu iliyonyooka. Katika mfano wetu sentimita 50 zinapatikana kifuniko kikipita wima kidogo, kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo kinaegemezwa kwa mbao mbili na msaidizi anakishika, shokapu zinabonyezwa kwenye gololi zake na klipu za usalama zinarudishwa. Baada ya hapo ndipo unafunga mkanda au mnyororo mfupi wa kukizuia kisizidi nyuzi 80. Mkanda huo ni wa lazima hata pale ambapo shokapu ingeweza kujizuia yenyewe, kwa sababu upepo ukikibeba kifuniko kwa kasi, kitu kitakachopokea pigo lisiwe pistoni.

Kwa wanaonunua zilizotumika, na wengi wetu ndio hao, kipimo kipo. Weka mizani ya kupimia uzito wa mtu sakafuni, juu yake kipande cha ubao, simamisha shokapu rodi ikiwa chini, na uikandamize polepole kwa kiganja kilichofunikwa kitambaa kinene hadi rodi ianze kuingia. Shokapu ya 350N iliyo nzima itaanza kuingia mizani ikiwa karibu na kilo 36, au zaidi kidogo kwa msuguano wa sili na kwa joto letu. Ikianza kwenye kilo 25, gesi imeshatoroka, na kinachobaki hakitakaa sana. Pima zote mbili, na zikipishana kwa zaidi ya kilo mbili tatu zirudishe. Rodi yenye unyevu wa mafuta isipimwe kabisa.

Zipo pia shokapu zenye skrubu ndogo ya kupunguza gesi mwishoni mwa silinda, ambazo humfaa sana mtu asiye na uhakika wa uzito wake. Unanunua yenye nguvu kuzidi mahitaji, unazifunga, kisha unalegeza skrubu kwa sekunde moja au mbili, unajaribu, unalegeza tena, ukizitendea zote mbili sawa. Gesi iliyotoka hairudi, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe paneli ikiwa imeshapanda juu na godoro la ziada likiwa mahali pake.

Wakati wa kuzivua, kifuniko kiwe wazi na kimeegemezwa kwa mbao zinazoweza kukibeba bila msaada, kwa kuwa ukitoa klipu ya pili uzito wote unahama kwa ghafla. Shokapu iliyokufa haijafa kabisa: hata ile isiyoweza kunyanyua kitu mara nyingi ina paundi mia kadhaa ndani yake. Isikatwe kwa msumeno wa umeme wala kutobolewa, na isitupwe kwenye moto wa takataka. Ukimpa mnunuzi wa vyuma chakavu, mtolee pembeni, usizichanganye na mabomba matupu, na umwambie waziwazi kwamba ndani mna gesi iliyoshindiliwa, kwa sababu yeye ataipitisha kwa kijana mwenye mashine ya kukatia ambaye hajawahi kuliona tela lako.